Macho Mekundu ya Bénit

Ukipita soko la Bwera, hapa mpakani mwa Uganda na Kongo, ukiwa na mtoto mchanga, jiandae, Jeanine atamtaka. Hatasifu pua yake wala kuuliza amerithi jina la nani. Atanawa mikono kwa sabuni mpaka mawese yatoke, atamgeuza mtoto aelekee kwenye mwanga, kisha atamfunua kope taratibu kwa kidole na kutazama. Akiridhika anakurudishia mtoto wako, anarudi kwenye madumu yake ya mawese. Wapo wanaochukia. Wanasema huyo Mkongomani ana kijicho. Mimi ninauza samaki wa chumvi meza ya pili kutoka kwake, na huwa nawajibu kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wasiponielewa nawauzia samaki, waende.

Jeanine alizaliwa Butembo, ng'ambo ya mpaka, akasoma kwa masista, akaimba kwaya ya kanisa mpaka alipoolewa na Philippe, mchuuzi wa vitenge, mtu wa maneno matamu na safari ndefu. Vita vilipokaribia alivuka daraja la mpaka na binti yake Marlène mgongoni na dumu moja la mawese kichwani. Dumu hilo ndilo lililokuwa mtaji. Alipanga chumba kwa Bulandina, mjane wa Kikonzo, kabila letu la hapa, anayewapikia madereva wa malori yanayosubiri kuvuka. Philippe alikuwa anakuja, analala, anaondoka. Katika kuja huko na kuondoka Jeanine akashika mimba ya Bénit.

Mimba ilifika mwisho mwaka ule wa Ebola. Aliyekuwa Bwera hana haja ya kusimuliwa. Kila ukuta ulikuwa na bango, na katika kila bango palikuwa na mtu aliyechorwa macho mekundu kama pilipili. Ukitaka kuingia popote, unanawa maji ya dawa, unaelekezewa kipima joto usoni kama bastola. Ilisemekana kwamba Mkongomani yeyote akionekana mgonjwa anapelekwa kwenye hema la hospitali, na aliyeingia hema hatoki kwa miguu yake. Uongo mtupu, lakini nani angewaambia watu wa soko? Lisemwalo lipo, walisema, kama halipo laja. Methali hiyo naichukia kwa moyo wangu wote, kwa sababu nimeona kazi yake.

Kwa hofu hiyo Jeanine alijifungulia chumbani. Bulandina ndiye aliyekata kitovu, na alikikata vizuri. Ila yale mafuta ya macho ambayo mtoto hupakwa akizaliwa hospitalini, Bénit hakuyapata.

Mwanzoni yalikuwa matongo kidogo tu. Jeanine hakushtuka, maana Marlène naye alikuwa hivyo alipokuwa mchanga: asubuhi jicho limegandana, unalipangusa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, mtoto anakutazama na jicho lake jeupe, safi, kope hazikuvimba. Yalikwisha yenyewe. Basi akapangusa. Keshoye kope za Bénit zilikuwa zimevimba, zimebana, na ulitoka usaha mzito wa manjano, ukiufuta unajaa tena kabla hujasuuza kitambaa. Alipomfunua, ndani kulikuwa kwekundu.

Hapo ndipo mtu hubeba mtoto na kukimbia. Jeanine aliuona ule wekundu akakumbuka bango. Akamwita Bulandina.

"Mama, mutoto iko na macho mukundu. Minaogopa iko ile maladi."

Bulandina alitazama, akafunga mlango. "Jeanine, hiyo macho isitoke nje. Watu wakiiona wataita ile gari ya Ebola. Watafunga nyumba yote, na mimi nitapikia nani?"

"Lakini hanyonye muzuri. Analia tu."

"Weka maziwa ya titi. Kitovu bado haijaanguka, na mtoto hatoki kabla ya hiyo. Ngojea ianguke. Kama ni macho tu, itapona. Kama ni ile nyingine, hospitali itafanya nini?"

Ukiyasikiliza kwa haraka, maneno hayo yana akili. Ndiyo ubaya wake. Bulandina si mchawi, alikuwa na sufuria zake na woga wake, na mila ya kitovu ni ya kweli, sote tumekaa ndani kwa ajili yake. Jeanine akakamua titi lake machoni mwa mtoto, akangojea. Wageni tuliokuja na sabuni na sukari tuliambiwa amelala. Nilimsikia analia nyuma ya pazia, nikasema mtoto huyu ana mapafu ya mwanakwaya, tukacheka. Jeanine naye alicheka. Sijui alipata wapi kicheko hicho.

Usiku na mchana alifuta usaha. Ilifika asubuhi akafunua kope za kushoto, wekundu haukuwa shida tena. Mboni yenyewe ilikuwa imegeuka, imeingia weupe kama ute wa yai uliokwisha kuiva. Hakumwita Bulandina. Alimfunga mtoto kifuani, akamfunika kitenge, akatoka naye, kitovu hakijaanguka.

Kwenye geti la hospitali alimkuta mlinzi aliyewahi kuwa jeshini, na mtu wa afya mwenye kipima joto. Mlinzi hakumwamkia. "Wewe! Nawa mikono. Simama hapo. Usiguse mtu."

Akanawa. Kipima joto kikaelekezwa kwake, kisha kwa mtoto. Jeanine alikuwa anatafuta hema kwa macho. Hakuweza kuvumilia, akasema mwenyewe, "Mutoto yangu iko na macho mukundu."

Mtu wa afya akafunua kitenge, akatazama. "Umetoka Congo juzi?"

"Hapana. Niko hapa tangu mwaka jana."

"Umekaa na mgonjwa? Umezika mtu?"

"Hapana."

"Joto yenu iko sawa. Watoto ni nyumba ile. Kimbia, mama. Hii macho ni mbaya."

Ni hilo tu. Jeanine aliniambia kwamba alibaki amesimama pale pale kwenye bomba, mikono inachuruzika maji ya dawa, mpaka mlinzi alipomfokea apishe wengine. Kitu alichokiogopa tangu kope zilipovimba kilikwisha kabla mikono yake haijakauka.

Nesi aliyempokea anaitwa Loyi. Alisafisha macho, akaita daktari, mtoto akapigwa sindano. Kisha Loyi akauliza yalianza lini. Jeanine akamweleza yote, bango, kitovu, maziwa ya titi.

"Mama, matongo kidogo unaweza kupangusa ukaangalia. Lakini mtoto mchanga kama huyu, macho ikivimba, ikatoa usaha, ikawa red, hiyo haingojwi hata ipite usiku. Inakula jicho. Ungekuja siku ile, ningempa hii sindano na ungerudi naye mzima."

Jicho la kulia likaokolewa. La kushoto likafa.

Loyi akamweleza pia kwamba wadudu wa ugonjwa huo mtoto huwapata akipita njia ya kuzaliwa, kwamba mama anaweza kuwa nao asisikie chochote, na kwamba yeye na mumewe lazima watibiwe wote. Jeanine alitibiwa. Philippe aliambiwa kwa simu, akasema ametukanwa, akakata. Tangu hapo hajavuka daraja. Sitaandika hapa ninavyomwita Philippe, watoto nao wanasoma.

Bulandina anampenda Bénit kupita wajukuu wake wa damu. Nyama ya kwanza kutoka sufuriani ni yake. Juu ya macho hajawahi kusema neno, na Jeanine hajawahi kumdai neno hilo.

Bénit sasa anasoma shule. Ni mtoto mtaratibu, anageuza kichwa kizima kukutazama kama kuku. Upande wa kushoto haoni, na Bwera boda boda hazina adabu, kwa hiyo Jeanine hutembea kushoto kwake siku zote, amemshika mkono. Alipouliza kuhusu jicho lake aliambiwa maladi ililikamata alipokuwa mudogo. Akaridhika. Watoto huridhika na jibu fupi mpaka siku wanapokuwa hawaridhiki.

Majuzi tulisikia kwamba mtoto wa Shamirah, yule msusi wa nyuma ya soko, analia ndani hatolewi nje. Jeanine aliacha mawese yake wazi. Bénit alikuwa ametoka shule, tukaenda naye. Mlangoni alikaa Edisa, mama mkwe wa Shamirah.

"Ni upepo tu," Edisa akasema. "Kitovu hakijaanguka. Ngojeni."

Neno hilo. Nilimwona Jeanine akilimeza. Akampita, akanawa mikono, akamfunua mtoto. Kope zimevimba, usaha unatiririka.

"Shamirah, mutoto anaenda hospitali. Leo. Si kesho."

"Wewe ni daktari?" Edisa akauliza.

Jeanine alimvuta Bénit mbele, akamshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga kama anavyowageuza wachanga. "Mama, angalia huyu. Alikuwa hivi hivi. Banasema tungojee kitovu, tukangojea."

Edisa alilitazama lile jicho jeupe. Kisha akanyanyuka akatafuta shuka ya kumfunika mjukuu, na mimi nikaita boda boda. Mtoto huyo amepona, macho yote mawili. Nalisema ili msihangaike naye.

Tulirudi kwa miguu, Bénit katikati, mama yake kushoto. Tulikuwa tumekaribia barabara kubwa alipogeuza kichwa chake chote kumtazama.

"Mama, nani alisema tungojee?"

Nilisubiri Jeanine amtaje Bulandina, maana alikuwa na haki. Au ataje bango, au vita, au baba yake. Ningemsaidia kutaja.

"Ni miye," Jeanine akasema.

Bénit aliuachia mkono wa mama yake. Alisogea upande wangu, akashika kanga yangu, nami nilisikia aibu kama nimeiba. Jeanine alibaki nyuma hatua chache. Boda boda moja ilipita karibu sana, ikapiga honi. Kisha Jeanine akaharakisha, akazunguka akaja tena kushoto kwa mwanawe, akatembea hapo bila kumshika mpaka sokoni.