Brevet Moja, Kakule Wawili

Mwanangu Kambale, bado naikumbuka siku brevet moja ya umeme, cheti cha ufundi, ilipofika shuleni kwetu Beni, ikiwa na jina la watu wawili. Sisi Wanande, unajua, tunawapa watoto majina kwa mfuatano wa kuzaliwa, kwa hiyo majina hujirudia. Darasa letu lilikuwa na Kakule Muhindo wawili, mimi na yule wa Kayna. Chama cha mafundi kilichotupima hakikuweka zaidi ya jina na muhuri. Aliyefaulu alikuwa mmoja, na moyoni nilijua ni nani.

Nilimwonea wivu kijana yule mpaka chakula kikanishinda. Alikuwa na koleo yake mwenyewe, yenye mishikio myekundu ya mpira. Mwalimu Paluku, mkuu wa atelie, karakana yetu, alimwita fundi, mimi akiniita "weye wa pale". Hata mama yangu, Mungu amrehemu, alimsifu mbele yangu nikiwa natafuna! Brevet ilipofika, yeye alikuwa kwao Kayna kwa likizo. Nikaenda ofisini, nikanyoosha mkono.

"Ni ya miye, Mwalimu."

Alinitazama, kisha akanipa. "Bon. Kesho tunaenda Mangina. Kule maternité, nyumba ya kuzalia, banangojea fundi mwenye brevet."

Kesho yake nilifunga nyaya kutwa nzima, Mwalimu akiniangalia. Jioni alisimama kwenye jenereta, tayari kuwasha umeme. Ndani kulikuwa na mama aliyeshikwa na uchungu, na muuguzi amemshikia kibatari.

"Fundi, nitie moto?"

Nyaya mbili sikuwa na hakika nazo, na zilipita juu ya kitanda cha yule mama. Nilimwinulia mkono asiwashe.

"Hapana, Mwalimu. Usitie. Brevet hapana ya miye."

"Nilijua tangu bureau, uliponyoosha mkono," alisema, wala hakupaza sauti. "Ile karatasi inasema mutu anaweza kulala chini ya waya zako bila kuogopa. Ni ile tu inasema. Weye ulitamani karatasi, ukasahau mutu mwenye kulala."

Alizirekebisha mwenyewe, taa ikawaka, mtoto akazaliwa penye mwanga. Brevet nilimkabidhi yule wa Kayna aliporudi. Alicheka tu, akaniazima ile koleo yake nijifunzie. Hapo ndipo wivu uliponiuma kuliko siku zote.

Sasa nakuona wewe, unavyoikodolea macho brevet ya mwenzako ya kuchomelea vyuma. Umeanza kusema kwamba walimpendelea. Sikukatazi wivu, mwanangu. Mimi mwenyewe huniwasha mpaka leo nikisikia yule mzee wa Kayna ameitwa kazi kubwa. Ila usiupeleke ofisini. Upeleke atelie, ukachomelee tena pale ulipokosea. Ukijiandikisha kwa mtihani, hakikisha wameweka jina la baba, tarehe ya kuzaliwa na picha yako, kwa maana Kambale ni wengi mjini humu. Yako ikija, iwe yako bila ubishi.

Yangu ilikuja mwaka uliofuata, jina lilelile, muhuri uleule. Mwalimu Paluku akanirudisha Mangina kufunga taa za chumba cha pili. Nilipomaliza, hakuniuliza kitu. Alitia moto.

Mungu akubariki, mwanangu, na watu walale salama chini ya kazi ya mikono yako.