Mwanahamisi na Siku ya Kungoja Masuwa

Mwanahamisi binti Amuri alizaliwa Opala, kando ya mto Lomami, akakulia huko huko, akaolewa huko huko. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, anayejulikana kwa mikate yake ya mchele na kwa woga wake. Aliogopa radi. Aliogopa mbwa. Mto ukijaa, alihamisha vyungu vyake mpaka nyuma ya nyumba wakati majirani bado wanafua nguo ukingoni. Mumewe Alfani, fundi cherehani, alimtania kwa hilo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yao.

Alfani alijifunza kushona Stanleyville, mji ambao sisi wenyewe tumeuita Kisangani siku zote. Hakuchoka kuusimulia: kanisa kubwa linalotazama mto, maduka yenye vioo, bustani ambako chui amefungwa na watu wanakwenda kumtazama wakila karanga. "Siku moja nitakutembeza mu mji ule mpaka miguu ikuume," alimwambia mkewe.

Siku hiyo ilipatikana mwanzoni mwa mwezi wa nane, mwaka 1964. Abdulhamid, kaka yake Alfani, alikuwa na duka la kushona Léopoldville na aliwaita waende kukaa naye. Basi wakatoka Opala, wakavuka mto Kongo, wakafika mjini ili wapande masuwa, ile meli kubwa ya mto iendayo Léopoldville. Jioni walipofika, sanduku lao na cherehani vilipakiwa. Masuwa yenyewe ilikuwa ing'oe nanga keshokutwa asubuhi, kwa hiyo walikuwa na siku nzima ya kungoja. Walilala kwa Mama Binti, shangazi yake Alfani.

Asubuhi Mama Binti aliwaona wakijitayarisha kutoka, akasimama mlangoni.

"Alfani, baba, mubaki nyumbani leo," alisema. "Batu banasema Simba wako mu barabara ya Lubutu. Wamefika karibu."

Simba ndilo jina walilojipa waasi. Walikwisha kuuteka mji wa Kindu, na kila aliyetoka upande huo alileta habari zake: kwamba wananyunyiziwa maji ya dawa, kwamba risasi haziwaingii, kwamba wanawatafuta makarani na wakubwa wa serikali na kuwaua hadharani.

"Shangazi, jeshi liko hapa," Alfani alijibu huku akikaza tai shingoni. "Na mimi si karani. Mimi ni fundi cherehani. Nani atanitafuta?"

Alikuwa amevaa suti ya kijivu aliyojishonea kwa ajili ya safari. Mwanahamisi ndiye aliyemwomba aivae siku ile. Alitaka kutembea katika mji ule na mume aliyependeza. Yeye mwenyewe alijifunga kikwembe kipya cha maua ya manjano. Sasa, mbele ya uso wa Mama Binti, alitaka kubaki, lakini aliona aibu kuwa tena yule mke mwoga. Wakatoka.

Kanisani walikuta milango imefungwa. Wakasimama ukingoni kuutazama mto, mpana kuliko alivyowahi kufikiria, na Alfani akamwonyesha kwa kidole upande wa maporomoko ambako Wagenia hutega mitego yao mikubwa ya samaki. Alikuwa akizungumza kwa sauti ya juu mno, kama mtu anayesema na kiziwi. Mwanahamisi alilitambua jambo hilo. Mumewe hupaza sauti anapotaka kuficha woga.

Katika barabara ya maduka, vioo vilikuwepo, lakini nyuma yake mapazia ya chuma yalikuwa yameshushwa. Mzungu mmoja alikuwa akijaza magodoro ndani ya gari lake. Hakuwatazama. Mbele kidogo askari alitoka kwenye uchochoro, akavua shati la jeshi, akalitupa mtaroni, kisha akavua na buti, akaenda zake peku na fulana. Alipita karibu nao sana. Jasho lilikuwa likimtiririka usoni, na asubuhi ilikuwa bado na baridi.

"Alfani, turudi."

"Bon, tutarudi. Tuone tu wanyama, kisha tunarudi."

"Umemuona yule askari?"

"Nimemuona."

"Basi?"

Alfani alimshika mkono, wakaendelea mbele. Baadaye, miaka mingi baadaye, alikiri kwa mkewe kwamba saa ile naye alitaka kurudi kuliko kitu chochote, ila alihisi kwamba wakigeuka tu, mambo yote yale yatakuwa kweli.

Katika bustani ya wanyama, karibu na mto Tshopo, hapakuwa na mtu getini. Nyani walipiga kelele walipowaona, wakinyoosha mikono kati ya vyuma, kwa maana hakuna aliyewalisha. Chui alikuwa akienda upande huu na upande ule bila kusimama. Mwanahamisi alimtazama mnyama yule akajiona anapumua kwa mwendo wake. Ndipo waliposikia honi ya masuwa kutoka bandarini, ndefu, ikarudiwa, ikarudiwa tena.

"Inaondoka," Alfani alisema. "Lakini ni kesho! Walisema kesho!"

Wakakimbia. Viatu vilimuumiza Alfani. Kikwembe kilimbana Mwanahamisi magotini. Barabara ilikuwa imejaa watu wanaokimbilia kila upande, wengine wakielekea kule wanakotoka wenzao. Bunduki zilianza kulia mbali, kisha si mbali tena. Kabla hawajaufikia mto, umati uliokuwa mbele yao ulisimama ghafla, ukafunguka katikati, na Simba wakaonekana.

Walikuja wakitembea, hawakukimbia. Wamejifunga majani ya mitende kichwani na vipande vya ngozi vifuani. Wengi walikuwa na mikuki, wachache bunduki. Waliimba "Mai! Mai Mulele!", yaani maji ya Mulele, mmoja wa wakubwa wa uasi, na watu waliokuwa pembeni wakaanza kupiga makofi, maana walikwisha kuona kwamba kutopiga makofi ni hatari. Mwanahamisi naye akapiga.

Kijana mmoja alitoka kwenye mstari, akamwelekezea Alfani mkuki kwenye tai.

"Wewe! Karavati! Uko karani!"

"Hapana, kaka, mimi ni fundi cherehani, natoka Opala—"

"Karani anasema nini? Kuja hapa!"

Kando ya barabara walikuwa wamemketisha mtu mwingine chini, mtu mzima mwenye miwani na shati jeupe, mikono imefungwa nyuma. Vijana wawili wakaja kumchukua Alfani wamweke pale pale. Mwanahamisi hakuwaza. Alimrukia mumewe, akamkumbatia kwa mbele, mikono ikapita chini ya kwapa zake na kufungana mgongoni, uso wake ukajificha shingoni pake.

Vijana wale wakaruka nyuma kana kwamba amewamwagia maji ya moto.

Hakuelewa. Aliposikia wakipiga kelele ndipo alipoelewa. "Mwache! Mwanamuke, mwache! Usituguse!" Dawa yao ilikuwa na miiko, na mwiko mmoja mkubwa ulikuwa huu: Simba haguswi na mwanamke. Akiguswa, maji yanakufa na risasi inaingia. Na vita vilikuwa bado havijaisha; bunduki zililia kambini kwa askari, na kila mmoja wao alikuwa na haja ya dawa yake siku ile.

"Usiniache," Alfani alimnong'oneza. "Mama, usiniache."

Wakazungukwa. Mmoja alimchoma Mwanahamisi begani kwa ncha ya mkuki, si kwa nguvu, kama mtu anayemfukuza mbuzi. Alihisi damu ikishuka mgongoni, akazidi kukaza. Mwingine akasema wapigwe risasi wote wawili, yaishe. Mwingine akasema kumuua mwanamke bila amri ya mkubwa nako ni mwiko. Wakabishana hivyo juu ya vichwa vyao, na jua likapanda. Mwanahamisi alisali sala zote alizozijua, alipozimaliza akazirudia. Mikojo ilimtoka, na hakujali.

Hatimaye akaja mkubwa wao, mtu wa makamo, mwenye sauti ya watu wa Maniema.

"Mama, uko mutu wa wapi?"

"Opala, papa."

"Huyu ni bwana yako?"

"Ni bwana yangu."

"Kazi yake?"

"Anashona nguo. Suti hii ameshona yeye."

"Alors, fundi wa Opala anavaa karavati siku ya vita kwa sababu gani?"

Mwanahamisi alisema kweli, kwa kuwa hakuwa na jingine kichwani. "Ni mimi nilimwomba. Sikuwahi kuona mji. Nilitaka anitembeze akiwa amependeza."

Yule mkubwa aliitazama suti, mshono kwa mshono. Hakucheka, wala uso wake haukulegea.

"Mvue," alisema. "Kila kitu cha kizungu."

Mwanahamisi hakuthubutu kumwachia. Alibaki amemshika kwa mkono mmoja, kwa mwingine akahangaika na tai, akaivuta mpaka ikatoka, kisha koti, mkono baada ya mkono. Alfani mwenyewe akasukuma viatu kwa vidole vya miguu. Vyote vikabaki chini barabarani.

"Muende. Musigeuke."

Wakaenda, bado wameshikamana, wakitembea upande kama kaa. Nyuma yao mtu mwenye miwani aliita mara moja. Hakuita jina, alisema tu, "Mama!" Hawakujua kama alimwita Mwanahamisi au mama yake mzazi. Kisha ukasikika mlio mmoja wa bunduki, karibu sana. Hawakugeuka.

Masuwa ilikuwa imekwenda, na cherehani na sanduku ndani yake. Kwa Mama Binti walifungiwa chumba cha nyuma. Mikono ya Mwanahamisi haikutaka kufunguka; Mama Binti aliikanda kwa mafuta ya mawese, kidole kimoja kimoja, huku akilia. Walikaa humo kwa wiki nyingi za utawala wa Simba. Mwezi wa kumi na moja ndege zilikuja na askari wengine wakaingia mjini, na hofu ikabadilika upande tu: sasa mwanamume aliyevaa kimaskini ndiye aliyeshukiwa kuwa Simba. Alfani alitoka nyumbani akiwa ameinua kitambaa cheupe juu ya kichwa, mkewe akitangulia mbele yake.

Léopoldville hawakufika kamwe. Walirudi Opala kwa miguu na kwa mitumbwi, Alfani akaanza tena kwa sindano ya mkono mpaka Abdulhamid alipowatumia cherehani nyingine. Walipata binti, wakamwita Aziza. Alfani hakumtania tena mkewe kwa woga, na mtu mwingine akijaribu, alimnyamazisha.

Kila kamyo, yaani lori la mizigo, lilipoingia Opala na vijana wakiimba juu yake, Mwanahamisi alimbeba mtoto akashuka mpaka kwenye matete ya Lomami, akakaa huko. Alfani aliacha kazi, akamfuata.

"Ni watu wa chumvi tu, mama," alimwambia. "Nimewaona kwa macho yangu. Wameleta chumvi na sabuni."

"Sawa," alisema Mwanahamisi. "Wakimaliza kushusha, tutapanda kwenda nyumbani."

Na Alfani alikaa chini kando yake kwenye majani, wakangoja.