Akogo Katika Duka la Kinyozi

Nilikuwa naanika mihogo nyumbani Dabani, upande wa Uganda, binti yangu aliponiambia, "Mama, nataka tumwendee Babu kule Merikit. Nataka anipigie akogo."

Nilidhani ananitania. Akogo ni kibao chenye vipande vya chuma ambacho hupigwa kwa vidole gumba, na Wateso wa upande wa mama yangu hakuna asiyeijua. Lakini yule babu aliyemsema, ndugu wa mama yangu, hakuwa ameigusa kwa miaka mingi. Na aliyemfanya aiache ni mimi. Nilikuwa nimeanza tu kufundisha kwaya kanisani, nina moto wa mtu mgeni kazini, nikamwambia kwamba chombo kilichozoea kukaa karibu na chungu cha pombe hakimpendezi Mungu. Akaiweka kando. Mimi nikahesabu kuwa ni ushindi.

Binti yangu alikulia katika kwaya hiyohiyo. Alipofika miaka ishirini akaanza kuvuka mpaka kwenda Busia ya Kenya, kwa kijana mmoja kinyozi. Mbele ya duka kijana alinyoa watu. Nyuma, kwenye chumba alichokitenga kwa pazia la blanketi, alikuwa na kompyuta na maikrofoni. Kijana alichana mistari kwa Sheng, binti yangu aliimba kwa Kisamia, na chini yake walitia ngoma za disko za Kampala na gitaa la benga la Wajaluo. Nilipousikia muziki wao mara ya kwanza kwenye simu yake nilimwuliza, "Sasa huu ni muziki wa wapi?"

"Wa hapa, Mama," alijibu, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

Basi tukaenda Merikit, sisi wawili na yule kinyozi. Mjomba alitupokea vizuri, akatupa viti, akasikiliza mpaka mwisho ombi la mjukuu wake, kwamba apige akogo katika wimbo wao. Kisha akasema, "Hiyo kitu mimi niliacha. Uliza mama yako."

Wote wakanigeukia. Nilitazama miguu yangu. Sikuwa nimejiandaa, na maneno yaliyonitoka yalikuwa machache: "Mjomba, nilikosea. Nilikuwa mtoto, nikajiona najua."

Aliinuka akaingia ndani, akakaa huko hata nikafikiri ametukasirikia. Alirudi na akogo ikiwa imefungwa ndani ya shati kuukuu. Vyuma viwili vilikuwa vimeshika kutu. Alivisugua kwa mchanga pale pale mbele yetu, bila haraka, akipuliza vumbi, na alipoanza kupiga vidole havikusita hata kidogo. Machozi yalinijia. Kumbe sauti ile nilikuwa nimeikosa.

Kijana akafungua biti, ule mdundo wao, kwenye simu ili wajaribu pamoja. Zilikataana. Sauti ya akogo ilikuwa chini kidogo ya ile ya gitaa, kidogo tu, lakini sikio liliumia.

"Hii mashini yenu naimba vibaya," mjomba alisema.

"Babu, hakuna noma," kijana akasema kwa upole. "Tukisogeza hivi vyuma kidogo tu, vitaingiana."

Mjomba aliikumbatia akogo kifuani. "Hii chuma iko vile baba yangu aliwacha. Hakuna mtu nasogeza."

Nilijua safari imeisha. Nilikuwa hata nimeanza kutafuta maneno ya kuagia. Binti yangu ndiye aliyemgeukia mwenzake. "Tusiiguse. Tushushe biti ifikie akogo."

"Biti yote? Na gitaa? Na sauti zako zote ulizorekodi?"

"Zote. Nitaimba upya."

Kijana alikuna kichwa, akamtazama mzee, akamtazama binti yangu, halafu akacheka. "Sawa basi. Tunaanza mwanzo."

Waliifanya kazi ile karibu mwezi mzima. Mimi niliyejiita mwalimu wa muziki nilikuwa nimekiondoa chombo kizima kwa sababu tu kilikaa karibu na chungu cha pombe. Hawa watoto, ambao wazee kanisani husema hawaheshimu kitu, walibomoa kazi yao wenyewe wakaijenga tena kulingana na vyuma vya mzee mmoja wa Merikit.

Siku ya kurekodi mjomba aliketi kwenye kiti cha kunyolea, maana hakutaka kuingia nyuma ya pazia. Maikrofoni ikaletwa kwake. Mteja mmoja alikuwa amenyolewa nusu kichwa. Alisubiri hivyo hivyo, taulo shingoni, kimya kama yuko ibadani. Ilipobaki sehemu ya kiitikio, kijana akaniambia, "Mathe, hapa tunataka sauti yako. Lakini usiimbe kikanisa. Imba vile unaita mtu aliye shamba la mbali."

Niliona aibu. Halafu nikafumba macho nikamwita mama yangu, kwa Kiteso, kama nilivyomwita nikiwa mdogo. Hawakuniambia nirudie.

Wimbo ulipomalizika tuliusikiliza pamoja, mjomba akiwa ameinamisha kichwa karibu na spika. Kijana alipoanza kuchana Sheng yake ya kasi, mzee akauliza, "Huyu nasema nini?"

Binti yangu akamfafanulia: "Anasema amechoka kuulizwa kila siku yeye ni wa upande gani. Shangazi yake yuko Uganda, mama yake yuko Kenya, na yeye hula kwa wote wawili."

Mjomba akamshika yule kinyozi mkono, akautikisa mara nyingi.

Harusi ya kwanza waliyoalikwa kupiga ilikuwa Tororo. Vijana waliruka, na akina mama wa Kiteso walioketi pembeni walisikia akogo, wakaweka sahani chini, wakaja kutikisa mabega katikati yao. Kwaya yangu ilikuwepo pia, ikinitazama nitafanya nini. Nilifunga leso kiunoni nikaingia.