Mbuzi Waliotiwa Kitabuni

Watu wa Matiliku wakikuambia kwamba Ndululu alifukuzwa kwa kuharibu wake za watu, waambie ni waongo. Nimewasikia wakilisema jambo hilo sokoni bila haya, na wengine wao wamevaa suruali alizowashonea yeye. Ndululu alifukuzwa kwa sababu ya neno moja. Alipewa nafasi ya kuligeuza akakataa. Habari hizi nimepewa na yeye mwenyewe na mkewe Kalunde. Wazee wawili waliokuwa kikaoni hawakuzikana nilipowauliza. Walitazama tu miguu yao.

Alizaliwa chini ya mlima wa Nzaui. Vita vilipokuja alipelekwa Burma, akafanywa askari wa simu, na kwa kazi hiyo akajua Kiingereza. Malaria ilimlaza hospitalini, na aliyelala kitanda cha pili akampa kitabu kisicho na jalada. Kilikuwa cha mapenzi: daktari na muuguzi, ugomvi, mvua, harusi. Alikisoma mpaka akawa anajua ni ukurasa gani muuguzi atalia. Aliporudi nyumbani, pesa zake za vita zilinunua cherehani, akaiweka kwenye varanda ya duka moja pale Matiliku.

Vitabu vilitoka Makindu. Binamu yake Nzioka alikuwa akifagia mabehewa ya reli, na abiria Wazungu walikuwa wakiviacha vitini. Nzioka, asiyejua kusoma, alivichagua kwa unene. Siku za soko wanawake waliketi varandani wakisuka vyondo, vikapu vyao vya katani, huku wakingoja nguo zao, na Ndululu, akikanyaga cherehani, aliwasimulia kwa Kikamba vitabu alivyosoma wiki ile.

Alikuwa na maoni makali juu ya vitabu. Cha tajiri mwenye shamba la farasi alikiita sukari guru: kitamu, halafu kiu. Cha binti aliyependwa na ndugu wawili alikisifu mpaka katikati, halafu akasema mwandishi alichoka akamuua ndugu mmoja ili apumzike. Kulikuwa na kimoja cha mzee mjane anayeuza farasi wake wa mwisho, basi. Hakuna mtu anayeoa, hakuna anayeibiwa.

"Hicho sikuwasimulia," aliniambia. "Wangenirushia katani. Lakini nilipokimaliza nilikaa na sindano mkononi, na mteja amesimama mbele yangu uchi wa kifua, anangoja shati."

Taabu yake kubwa ilikuwa mahari. Alipofika kwenye harusi ya daktari na muuguzi, mikono ya wanawake ilisimama.

"Alitoa nini huyo daktari?" akauliza Nzilani, mama mmoja mwenye ulimi kama wembe.

"Pete, mwaitu," akajibu; ndivyo Wakamba wamwitavyo mama.

"Sikuulizi kidole. Nyumbani kwa baba yake msichana alipeleka nini?"

"Kwao hawapeleki kitu."

"Basi hawajaoana. Umetuketisha hapa tangu asubuhi kutusimulia mambo ya mwizi!"

Wakacheka, lakini walimaanisha. Soko lililofuata Ndululu aliitengeneza hadithi. Daktari alifika kwa baba wa muuguzi na mbuzi, na shangazi wa muuguzi akamkataa mbuzi mmoja kwa sababu alikuwa na chongo. Wanawake waliridhika. Tangu siku hiyo hakuna Mzungu aliyeoa varandani pale bila mbuzi. Jambo hilo lilijulikana soko zima, na wazee wa kanisa walilicheka kama wengine.

Mwaka wa hamsini na nne Abubakar, mfanyabiashara wa vitambaa kutoka mjini Kitui, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani, alimletea Ndululu kitabu kidogo cha Kiswahili, kipya, kisicho na picha.

"Hiki hakina harusi," Abubakar alimwonya. "Kinaanza harusi ikiwa imekwisha."

Kilikuwa habari ya mke na mume katika nyumba ya vyumba viwili. Mume hapigi, hanywi. Anasahihisha tu: chumvi, namna ya kukunja shuka, namna mke anavyowacheka majirani. Miaka inapita hivyo. Ndululu alikisoma mara ya kwanza akakitupa chini ya cherehani. Baada ya siku chache alikitafuta tena kwa fimbo, maana kilikuwa kimeteleza nyuma ya ukuta wa mabati.

Hakukisimulia. Alikisoma kama kilivyo, kwa Kiswahili chake, kwa sababu, alisema, kila alipojaribu kukigeuza Kikamba kilimkatika mkononi. Wanawake walikijua Kiswahili cha soko, na walifuata. Kalunde alikuwa miongoni mwao. Alikuwa mchumba wake, binti wa mzee Mutunga wa kanisa, na matangazo mawili ya ndoa yao yalikwisha kusomwa ibadani. Lilibaki la tatu, ndipo wafungishwe ndoa. Aliyekaa karibu na Kalunde alikuwa Ndila, mke wa Kivuva, kaka yake Kalunde, msichana mkimya mwenye pengo la jino. Jino hilo Kivuva alilitoa kwa ngumi, na Matiliku nzima ililijua.

Kitabu kinaisha hivi. Mume amerudi kazini, amekuta mke amesimama katikati ya chumba. Anamwuliza, "Unataka nini hasa?" Mke anamjibu neno moja: "Kwenda." Hapo ndipo karatasi inapobaki nyeupe.

Ndululu alilisoma neno hilo akafunga kitabu. Varanda ikalipuka kwa vigelegele. Nzilani alirusha kiondo chake juu.

"Nilijua! Nilijua alikuwa anampenda mwanamume wake tangu mwanzo, kiburi tu!"

Maana kwa Kikamba kwenda ni kutaka, tena ni kupenda. Msikiaji wa Kikamba alisikia mke akijibu: kupenda. Ndululu alibaki ameinua mikono kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Sivyo, mwaitu. Hiki ni Kiswahili. Amesema anataka kuondoka."

Makelele yakazuka.

"Aondoke aende wapi?"

"Kitabu hakisemi."

"Hakisemi au umekikata?" Nzilani alikinyakua, akakigeuza, akakipekua. "Kurasa nyingine ziko wapi? Mafundi tunawajua! Umezikatia kola!"

Kweli Ndululu alikuwa akikata vielelezo vya kola kwa karatasi kuukuu, na vilikuwa vinaning'inia msumarini juu ya kichwa chake. Wanawake walivishusha wakaanza kuvikagua kimoja kimoja wakitafuta mwisho wa hadithi. Walikuta matangazo ya sabuni. Waliondoka wamenuna, mmoja akidai mshono wake umekaa upande.

Ndila alibaki nyuma akijifanya anakunja kanga.

"Fundi, alienda wapi?"

"Nimesema hakisemi."

"Lakini alienda?"

"Alienda."

Ndila akamfunga mtoto mgongoni akaondoka. Haikupita wiki akawa kwao Kilungu.

Hapo ndipo watu wazima wenye Biblia kwapani walipopatwa na wazimu. Miaka mitatu Kivuva alimpiga yule msichana, na hakuna kikao kilichoitwa. Mutunga, baba yake Kivuva, aliona uso wa mkaza mwanawe umevimba akala uji alioupika. Mchungaji alimbatizia mtoto huku mama ana plasta kwenye nyusi. Lakini Ndila alipotoka kwa miguu yake mwenyewe, kikao kiliitwa kanisani siku ya pili, na aliyeitwa mbele hakuwa Kivuva. Aliitwa fundi wa nguo. Kitabu hakikumtoa Ndila jino, lakini kitabu ndicho kilichowekwa mezani.

Mchungaji alikuwa Mtaita, hakujua Kikamba, kwa hiyo shauri liliendeshwa kwa Kiswahili. Mutunga alisema kwanza.

"Mbuzi wangu wako kwao Ndila. Sasa na Ndila yuko huko huko. Nani amemwambia mwanamke anaweza kusema anataka kwenda, halafu akaenda? Huyu! Anasoma uongo kwa mdomo ule ule anaokuja kuimbia hapa."

"Ni hadithi, mzee," alisema Ndululu.

"Uongo! Huyo mwanamke ni nani? Ana jina? Ana ukoo? Hayupo! Umemvunjia mwanangu nyumba kwa mwanamke asiyekuwapo. Na wakati huu, watu wakikusanyika kwako kila soko, chifu akiuliza ni mkutano gani, nitamwambia sijui."

Wazee waliguna. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa, na neno mkutano lilitosha kumlaza mtu ndani. Mutunga alijua alichokuwa akikisema.

Mchungaji hakuwa mkatili. Ni afadhali angekuwa, maana mkatili ungejikinga naye mapema. Alikuwa mtu wa kutafuta njia ya kupita bila kukanyaga mguu wa mtu mwenye sauti. Alifunua ukurasa wa mwisho, akausoma, akatabasamu.

"Nimeambiwa neno hili kwa Kikamba ni kupenda. Kweli?"

"Kweli," wakaitikia wote.

"Basi mbona tunagombana? Jumapili, Ndululu, utasimama mbele ya kanisa useme mwanamke huyu alijibu kwa Kikamba. Alisema anapenda. Ndila alisikia vibaya. Mzee Mutunga atamfuata Kilungu kwa amani, naye atarudi, kwa kuwa hana tena kisingizio. Kisha nitasoma tangazo la tatu, nawe utapata mke wako. Neno moja tu."

Ndululu aliniambia kwamba alilitamani. Alikuwa na miaka thelathini na tatu, alikuwa amejenga nyumba ya mabati, na Kalunde alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma pamoja na wanawake.

"Ni Mswahili yule, Mchungaji," alisema mwishoni. "Kikamba angekijulia wapi?"

Nzilani, aliyeitwa kuwa shahidi, hakuweza kujizuia. "Ee, fundi! Wewe si ndiwe uliyewapa Wazungu mbuzi? Daktari yule hakuwa na hata kuku, ukampa mbuzi mpaka mwenye chongo! Leo kuongeza kidogo kunakushinda nini?"

Kanisa lilicheka, hata Mutunga. Walidhani wamemshika.

"Mbuzi wale, mwaitu, hawakumrudisha mtu kwenye ngumi," alisema Ndululu. "Mlicheka, mkaenda nyumbani. Hili nikiligeuza, Jumatatu Ndila anachukuliwa. Mimi nitakuwa nimeoa, na yeye atakuwa anatema jino la pili. Mke wa kitabuni amesema anaondoka. Nimesoma hivyo, na Jumapili nikisimamishwa nitasoma hivyo hivyo."

Kivuva aliinuka kumwendea. Wazee walimshika mikono, huyo huyo ambaye hawakuwahi kumshika mikono nyumbani kwake.

"Basi huna mke hapa!" Mutunga alipiga meza. "Tangazo la tatu halisomwi. Na ile cherehani uitoe varandani kabla sijakwenda kwa chifu!"

Ilikuwa imekwisha. Mchungaji angeweza kuomba dua, watu watawanyike. Lakini alitaka ionekane kwamba kila mtu amesikilizwa, hasa kwa vile alidhani anajua atakachosikia. Akamwita Kalunde mbele.

"Na wewe, binti yangu, umeyasikia yote. Unataka nini?"

Kalunde alimtazama Ndululu, kisha baba yake.

"Kwenda."

Mchungaji alifarijika. Aliona msichana amechoka na aibu, anataka kuondoka arudi kwa mama yake. "Vema," akasema, "mpisheni aende."

"Hakusema hivyo!" alipaza sauti Mutunga, ambaye masikio yake yalikuwa yamesikia Kikamba. "Mchungaji, amesema anampenda huyu mbwa!"

"Mzee, mimi nimesikia vizuri. Amesema kwenda. Mpisheni."

Waliokuwa mlangoni walishatii, wakampisha. Kalunde alikichukua kitabu mezani akapita katikati yao, na Ndululu nyuma yake. Wazee walibaki wakibishana na Mchungaji kuhusu lugha. Walipokubaliana, wale wawili walikuwa wamefika varandani wanaifungua cherehani na meza yake.

Waliandikishwa ndoa kwa bwana DC Machakos. Sasa wanaishi Makindu, na Ndululu anashona mbele ya duka la Singasinga mmoja, mwendo mfupi kutoka stesheni, kwa hiyo vitabu vinamfikia vikiwa bado na joto la kiti. Ndila hakurudishwa. Kivuva alimfuata Kilungu, kaka zake Ndila wakamkaribisha kwa rungu, na mbuzi mpaka leo wako huko. Yule Mchungaji alihamishwa na kupewa kanisa kubwa zaidi.

Kalunde amejifunza kusoma, na kitabu kile kidogo anakisoma yeye. Vingine mumewe bado anavitia mbuzi, tena siku hizi na asali.

Mutunga huwaambia watu kwamba siku ile kanisani binti yake alibabaika, akakosea Kiswahili. Hakukosea Kiswahili, na Kikamba pia hakukikosea.