Jina la Mtemi kwa Kiingereza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau, nami nimeshasahau mengi, hata mahali nilipoweka miwani yangu asubuhi hii. Nilikuwa mwalimu kijana huku Iramba, uhuru ungali mbichi na utemi, ule utawala wetu wa jadi, umeshafutwa. Mgeni kutoka Ulaya alikuwa anakuja kutazama kisima chetu kipya, nami nikachaguliwa kuwa mkalimani. Kiingereza changu kilisifiwa sana, na mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kukisifu.

Kazi ilikuwa nyepesi, isipokuwa kwa mtu mmoja. Mzee aliyekuwa mtemi wetu angekaa mbele pamoja na wazee wenzake, na kila mmoja angetambulishwa. Katibu wa chama akanionya mapema.

"Ndugu mwalimu, watemi hatuna tena. Ukimtambulisha yule mzee kwa cheo, nitamtoa mkutanoni mbele ya watu wote."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana kama mimi, na aliwaogopa wakubwa wake. Lakini nilijua mzee akitolewa mbele ya wajukuu zake, hatainua tena uso wake kijijini.

Nikafungua kamusi kutafuta jina la kumwita kwa Kiingereza. *King* ni wa kasri na taji, na mzee wetu alikuwa na nyumba ya tembe na ng'ombe wachache. *Monarch* niliona ni yule yule aliyevaa suti. *Ruler* ni amri tupu. *Chief* ndilo jina Waingereza walilompa walipomtuma kukusanya kodi, na wazee walilichukia. Yote yalikuwa na cheo ndani yake, na cheo ndicho katibu alichokikataa. Nami nikisema tu "mzee wa kijiji", nitakuwa nimemvua nguo hadharani.

Jioni nikaenda nyumbani kwake. Hakuwepo. Nilimkuta mkewe akipepeta uwele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekunja uso?"

Nikamweleza yote. Aliendelea kupepeta mpaka nikadhani hakunisikia.

"Mwaka ule wa njaa wewe ulikuwa mtoto mdogo," akasema. "Ulikula wapi?"

"Hapa, bibi. Kwenye ghala lenu."

"Na sisi wa nyumba hii tulikula lini?"

Nikakumbuka. Desturi ya utemi ilikuwa hivyo: watu wote walijaza ghala la mtemi wakati wa mavuno, njaa ikiingia linafunguliwa, na nyumba yake inakula mwisho, kama kimebaki kitu.

"Umekula kwetu, na leo unamtafuta mume wangu kitabuni," akasema. "Nenda ukalale."

Niliona haya, mwanangu, haya ya kweli.

Kesho yake, zamu ya mzee ilipofika, nilisema kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili ili katibu naye asikie: "Wakati wa njaa mzee huyu aliwalisha watu wote, na nyumba yake ikala mwisho. Mimi ni mmoja wa waliolishwa."

Nikamtazama katibu. Aliinamisha kichwa, akabaki amekaa. Baadaye nilikuja kujua kwamba mama yake naye alichota nafaka kwenye ghala lile. Mgeni akasimama, akavua kofia, akampa mzee mikono yote miwili. Mzee alirekebisha mgolole wake, ile shuka ya begani, akakaa wima.

Basi wewe unayetafuta maneno kwenye simu siku hizi, tafuta tu, sikukatazi. Lakini kabla hujampa mtu jina, uliza kwanza amewafanyia watu nini, kisha sema hilo bila woga. Cheo kinatolewa na kinafutwa, nimeona yote mawili. Na siku ukiwa mkubwa wewe, kwa jina lolote watakalokuita, wape wengine sahani kwanza.

Mungu akujalie ghala, mwanangu, na akujalie mkono mwepesi wa kulifungua.