Kilio cha Wakorea Sebuleni Kwetu

Utotoni ukianguka ukavunja mkono, mama alikuziba mdomo kwanza, mkono akaushughulikia baadaye. Alivuka kutoka Burundi akiwa msichana, akaolewa na Muha hapa Kasulu, na karatasi za uraia hana hadi leo. Kiha chake hakuna anayekitilia shaka. Ila kwao mtu akilia kwa uchungu hutaja kilima alikozaliwa, na hapo ndipo angejulikana. Kwa hiyo nyumbani kwetu hatulii.

Mwaka huu hofu imezidi. Kila anayetoka Kibondo analeta habari za wakimbizi wa kambi ya Nduta kurudishwa Burundi, na mimi, mtu mzima na watoto wangu, gari likisimama nje nachungulia dirishani kwanza.

Mama mwenye nyumba, Mswahili wa pwani mwenye duka sokoni, huja kwetu alasiri kutazama tamthilia za Kikorea zilizotafsiriwa. Siku moja tamthilia ilikuwa ya enzi za Wajapani kuwatawala Wakorea. Kibibi mmoja alikuwa analilia shamba lake lililochukuliwa, na kijiji kizima kikaketi chini kulia naye. Hata mtafsiri, ambaye kwa utani hana breki, alitulia.

“Wakorea wanaiita han,” alisema mtafsiri. “Uchungu wa kutawaliwa. Mkoloni kaondoka zamani, wao bado wanaula kwenye sahani moja. Ukiula peke yako unakumaliza.”

Mama akaanza kulia. Kwanza kimya kimya, kisha kwa sauti, na kilima kikamtoka mdomoni. Akakitaja tena. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama mwenye nyumba alimtazama, akachukua rimoti, akainuka kwenda mlangoni. Nikajua anakwenda kutuchongea.

Akashusha komeo. Akaongeza sauti ya televisheni mpaka vikombe vikatetemeka kabatini, akaketi ubavuni mwa mama.

“Lia, dada yangu. Na mimi nina ya kwangu.”

Wakalia wote wawili, na Wakorea wao. Nilikuwa bado naogopa, mlango ukagongwa.

“Kuna nini humo?” Sauti ya mwanamume, nisiyoijua.

“Hakuna kitu, kaka! Tamthilia tu, Wakorea wanalia!” nikapaza sauti.

“Mbona nimesikia kilima cha Burundi kinatajwa?”

Mama akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mama mwenye nyumba akafuta pua kwa ncha ya mtandio.

“Ni mimi huyo niliyekitaja,” akajibu.