Ibada ya Haji Gharib

Pale Damanhur, mji wa Misri, hakuna aliyejua kuutangaza uchamungu wake kama Haji Gharib, mwalimu mkuu mstaafu. Kila asubuhi aliingia mkahawani macho mekundu, akapiga miayo kwa madaha mpaka aulizwe, kisha akajibu kwamba hakulala, alikuwa na Mola wake. Majirani walioyasikia maji yakimwagika usiku hawakuwa na shaka kwamba Haji anatawadha. Imamu akamsifu kwenye hotuba ya Ijumaa. Haji akainamisha kichwa, wala hakukanusha.

Mkewe, Nafusa, ndiye aliyejua kwamba safari zote zile za usiku ziliishia chooni. Mumewe alisimama humo akikamua vitone, akarudi, na kabla shuka halijapata joto akatoka tena. Alipomsihi aende hospitali, aliambiwa kwamba mwanamume mzima hapelekwi kwa daktari kisa mkojo.

Siku moja, baada ya sala ya adhuhuri, mkojo ukagoma kabisa. Tumbo likamjaa kama ngoma, jasho likamtoka. Wenzake wa mkahawani, Sabri na Fathallah, wakambeba hadi zahanati, Nafusa akiwafuata. Mke akaingia na mumewe, wao wakabaki wamejibanza mlangoni, masikio wazi.

Daktari Nirmin alimuuliza kama huwa anaamka usiku.

"Naamka kusali," akajibu Haji, meno yameumana.

"Sala gani hiyo inayosaliwa chooni?" akauliza Nafusa. "Mwambie daktari ukweli, baba. Mungu anaujua tayari."

Nje, Sabri alicheka mpaka akakaa chini.

Daktari hakucheka. Alimwekea mpira wa kutolea mkojo, ukatoka lita nzima na zaidi, Haji akalia kwa raha. Alielezwa kwamba tezi dume imevimba na kubana njia; mkojo ulikuwa haumaliziki, ndiyo maana ukamwamsha kila mara. Angezidi kukaa kimya, figo zingeharibika.

"Mwili ulikuita mwaka mzima, Haji," daktari akasema. "Wewe ukaitikia kwa majivuno."

Alifanyiwa upasuaji, akapona. Sasa analala fofofo, na Nafusa humvuta mguu ili aiwahi alfajiri.

Mkahawani walimcheka wiki nzima. Kisha Fathallah akamvuta pembeni kumuuliza, kwa sauti ya chini, yule daktari anapatikana siku gani. Alipofika zahanati alimkuta Sabri benchini.

"Nimemsindikiza shemeji," akasema Sabri.

"Hata mimi," akajibu Fathallah, akaketi.

Shemeji hakuonekana hata mmoja.